MALI YA YATIMA: NI NANI MWENYE HAKI YA KUISHIKA?

Alhamdu lillahi, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, ambaye babake alikufa kabla yeye hajazaliwa, akalelewa na babu yake, kisha na ami yake Abu Talib aliyekuwa na watoto wengi na mali chache.

Katika miji yetu ya pwani, tangu Lamu mpaka Vanga, akifa mtu akaacha watoto wadogo, neno la kwanza liulizwalo baada ya maziko ni hili: "Ami yao ni nani?" Akishajulikana, hukabidhiwa yeye mambo yote: hati ya nyumba, funguo, kitabu cha benki, kodi za wapangaji, na siku hizi hata simu ya maiti pamoja na namba yake ya siri. Hapana aliyemteua wala aliyemhesabia alichopokea. Mama wa watoto yuko ndani, kizuka, hajui kilichotoka wala kilichobaki. Na watu wote, hata huyo mama mwenyewe, wameitakidi kuwa hivyo ndivyo dini inavyotaka. Nasi twasema, na dalili zake zaja, kuwa hiyo ni ada tu, na dini haikuiamrisha.

Sisi watu wa pwani wengi wetu twafuata madhehebu ya Imamu Shafii. Katika Minhaj ya Imamu Nawawi, kitabu ambacho masheikh wetu wamekisomesha misikitini miaka na miaka, mpango wa walii wa mali ya mtoto umetajwa wazi. Wa kwanza ni baba. Akiwa hayuko, ni babu mzaa baba. Akiwa naye hayuko, ni wasii, yaani mtu aliyeusiwa na baba au babu kabla ya kufa kwake. Na akiwa hapana wasii, ni kadhi, ama yeye mwenyewe au mwaminifu atakayemweka. Mpango umekwisha hapo. Ami hamo. Kaka mkubwa hamo. Mama naye, kwa kauli iliyo sahihi zaidi katika madhehebu, hamo kwa kuwa ni mama tu. Lakini yafaa baba amuusie, na akimuusia basi yeye ndiye wasii, wala hapana ami awezaye kumpokonya. Na kadhi pia aweza kumweka yeye, akimwona ni mwaminifu na mwelevu wa mambo.

Kosa letu limetokana na kuchanganya mambo matatu. Kuna kumlea mtoto, nako ni kwa mama kwanza. Kuna kumuoza binti, na hapo ndipo ami anapoingia, baada ya baba, babu, ndugu na wana wa ndugu. Na kuna kushika mali. Mtu ameona kuwa ami huketi mbele ya kadhi siku ya nikaha, akadhani kuwa kwa kiti kile kile hupokea na funguo za nyumba. Mambo haya wanavyuoni wameyaweka katika milango mbalimbali ya fiqhi, na sababu ya kuyatenga yaonekana kwa mwenye kufikiri. Mtu akifa akaacha mabinti peke yao, ami ni mrithi pamoja nao. Basi vipi mshirika katika mali atakuwa yeye ndiye mgawaji, na mwekaji, na mtunza daftari, na wenziwe ni watoto wa miaka minne na sita?

Wala jambo hili si geni. Limetukia Madina, na Mtume mwenyewe akalihukumu. Saad bin Rabii, katika Ansari wakubwa, aliuawa shahidi siku ya Uhud, mwaka wa 3 wa Hijra, yaani mwaka 625. Akaacha mjane na mabinti wawili. Ndugu yake Saad akaja akaichukua mali yote, kama ilivyokuwa desturi ya Waarabu kabla ya Uislamu, ambapo wanawake na wadogo hawakurithi. Yule mjane hakukaa ndani akalia. Aliwashika wale watoto akaenda nao kwa Mtume, akamweleza kuwa baba yao amekufa naye vitani, na ami yao ameichukua mali, na mabinti hawaolewi ila wakiwa na kitu. Mtume akamwambia kuwa Mwenyezi Mungu atahukumu katika jambo hilo. Ndipo ikashuka aya ya mirathi katika Suratun-Nisaa. Mtume akampelekea ujumbe yule ami, akamwamuru awape mabinti wawili thuluthi mbili, na mama yao thumuni, na kilichobaki ni chake yeye. Hadithi hii wameipokea Abu Daud na Tirmidhi.

Itazame hesabu yake. Mali ikigawanywa mafungu 24, mabinti wana 16, mjane ana 3, ami ana 5. Ami hakunyimwa haki yake hata chembe. Alilonyimwa ni kuyashika yale 19 yasiyokuwa yake. Na itazame pia njia iliyotumika: mwanamke alikwenda mbele ya mwenye hukumu, akasikilizwa, na hapana aliyemwambia kuwa anafedhehesha ukoo. Leo mjane akitaja tu neno "mahakama", huambiwa kuwa ana tamaa, au ameharibiwa na jamaa zake, au anataka kuolewa upesi.

Sasa tumtazame huyo walii wa haki, awe ni wasii aliyeusiwa au mtu aliyewekwa na kadhi. Mipaka yake ni myembamba kuliko watu wanavyodhani. Mwenyezi Mungu ameonya katika aya ya 10 ya sura hiyo hiyo kuwa wanaokula mali ya mayatima kwa dhulma wanakula moto matumboni mwao. Na Mtume ameitaja katika madhambi saba yenye kuangamiza, pamoja na shirki na kuua nafsi. Hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim. Tena alimwambia Abu Dharr, naye ni sahaba aliyesifika kwa ukweli wake, kuwa anamwona ni dhaifu katika kazi hii, basi asisimamie mali ya yatima. Ucha Mungu peke yake hautoshi, ndugu msomaji. Kazi yataka mtu ajuaye hesabu na mwenye uso mkavu wa kuwaambia jamaa "hapana".

Nyumba ya yatima au shamba lake haliuzwi ila kwa mojawapo ya mambo mawili. La kwanza ni haja, kama mtoto kukosa chakula na nguo, na kodi haitoshi. La pili ni faida iliyo dhahiri, kama kutokea mnunuzi atoaye bei iliyozidi thamani yake, na kwa sehemu ya pesa hizo ikapatikana nyingine mfano wake. Hapana la tatu. Kuuza shamba la minazi la watoto kwa kuwa ami ana safari, au kwa kuwa wajukuu wa babu wametaka kugawana "tumalize maneno", si haja ya mtoto wala faida yake. Na wasii hawezi kujiuzia mwenyewe mali ya yatima, wala kumuuzia yatima mali yake yeye, hata kwa bei nzuri. Ruhusa hiyo katika madhehebu ni ya baba na babu tu.

Ama ujira wake, aya ya 6 imeupanga: aliye tajiri ajizuie, na aliye fakiri ale kwa wema. Wanavyuoni wetu wakaufasiri huo wema kuwa achukue kilicho kidogo baina ya viwili, matumizi yake ya lazima au ujira wa kazi yake. Kazi ya kukusanya kodi ya vyumba sita kila mwezi ina ujira wake ujulikanao mjini, na hapana dalali apewaye nusu ya kodi kwa kazi hiyo.

Na lililo zito zaidi ni la ushahidi. Mtoto akibaleghe akadai kuwa nyumba yake iliuzwa pasipo maslaha, akiwa muuzaji ni baba au babu, basi neno la baba au babu ndilo likubaliwalo pamoja na kiapo. Lakini akiwa muuzaji ni wasii au mwaminifu wa kadhi, neno la mtoto ndilo likubaliwalo pamoja na kiapo chake, mpaka yule muuzaji alete bayana. Maana yake ni kuwa mzigo wa kuthibitisha uko juu ya aliyeshika mali. Asiyekuwa na daftari, wala risiti, wala mashahidi, amejiweka mahali pabaya duniani kabla ya akhera. Ndiyo maana aya ile ikamalizikia kwa kuamrisha kuwa siku ya kuwakabidhi mali yao washuhudishwe mashahidi.

Mali hukabidhiwa lini? Yatakiwa mambo mawili yakutane: kubaleghe, na rushdi, yaani kuonekana kuwa kijana ametengenea katika dini yake na katika kuendesha mali. Kubaleghe ni kwa alama zake zijulikanazo au kutimiza miaka 15 ya mwezi mwandamo. Rushdi hujaribiwa, na hujaribiwa zaidi ya mara moja. Wanavyuoni wametaja mifano ya kuvutia: mtoto wa mfanyabiashara hujaribiwa kwa kupatana bei sokoni, mtoto wa mkulima kwa kusimamia shamba na gharama za vibarua, na binti kwa kusokota na kwa kukilinda chakula na paka. Mabinti wa leo wana mitihani mingine, lakini makusudio ni yale yale: mtu hajaribiwi kwa maneno. Sheria ya nchi yamhesabu mtu ni mtoto mpaka atimize miaka 18, kwa mujibu wa Katiba ya 2010. Wako wanaoona hapa pana ugomvi na dini. Sisi hatuuoni, kwani kijana wa miaka 15 asiyekuwa na rushdi fiqhi yenyewe haimpi mali.

Pana jambo moja la wepesi ambalo halina budi kutajwa, ili walii mwema asije akaogopa kupita kiasi. Zilipokuja aya za kuonya, baadhi ya masahaba walitenga chakula cha yatima na chao, mpaka masazo ya yatima yakawa hukaa yakaharibika. Wakamuuliza Mtume, ikashuka aya ya 220 ya Suratul-Baqara kuwaruhusu kuchanganya nao, kwa kuwa ni ndugu zao, na Mwenyezi Mungu amjua mharibifu na mtengenezaji. Basi kula sinia moja na yatima hakuna ubaya. Kilichokatazwa ni kuchanganya ili hesabu ipotee.

Na hapa natuseme juu ya khitma, ijapokuwa wako watakaochukia. Maiti ana siku tatu, na uani kumepikwa mchele wa gunia na mbuzi kadhaa, na masufuria ya kukodi yamepangwa. Zimetoka wapi pesa zake? Mara nyingi zimetoka katika mali ya maiti. Na mali ile, zikishatolewa gharama za maziko, na deni, na wasia usiozidi thuluthi, ni ya warithi. Na miongoni mwao wamo watoto ambao hawana uwezo wa kutoa idhini, na hapana awezaye kuitoa kwa niaba yao, kwa kuwa walii hana ruhusa ya kufanya sadaka kwa mali ya yatima. Basi wale mashekhe na majirani walioketi wakala, na wakamwombea maiti rehema, wamekula sehemu ya mtoto aliyelala chumba cha pili. Mwenye kutaka kulisha watu na alishe kwa mfuko wake, au kwa fungu lake akiwa ni mrithi mkubwa. Na sunna ni kinyume cha haya tufanyayo: habari za kuuawa kwa Jaafar bin Abi Talib zilipofika Madina, mwaka wa 8 wa Hijra, Mtume aliwaamuru watu wawapikie jamaa za Jaafar, kwani limewajia la kuwashughulisha. Jirani ndiye aliyeamrishwa kuwasha jiko.

Twaja kwenye sheria za nchi. Wako wasemao kuwa sheria za serikali hazituhusu katika mirathi. Neno hilo nusu yake ni kweli. Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, ilibadilishwa mwaka 1990, na tangu hapo mafungu ya Mwislamu hugawanywa kwa sheria ya Kiislamu. Lakini mlango wake wa saba, uhusuo usimamizi wa mali ya maiti, hutumika kwa Waislamu pia pale usipopingana na dini yetu. Na humo mna manufaa makubwa ambayo wajane wetu hawajayajua. Kifungu cha 45 chamfanya mkosa yeyote aingizaye mkono katika mali ya maiti pasipo idhini ya sheria, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 10,000, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. (Faini hiyo kwa thamani ya leo ni ndogo mno, lakini kifungo ni kifungo.) Kifungu cha 58 chataka, pale mali inapobaki ni amana kwa muda, wasimamizi wasiwe mtu mmoja peke yake, ila akiwa ni Mdhamini wa Umma au shirika la amana. Kifungu cha 83 chamlazimisha msimamizi kupeleka mahakamani orodha kamili ya mali na madeni katika miezi sita tangu kupewa kibali. Na kifungu cha 76 chaipa mahakama uwezo wa kukifuta kibali kilichopatikana kwa udanganyifu, kama kuficha jina la mrithi. Tazama: wawili badala ya mmoja, daftari, na hesabu mbele ya hakimu. Hapana katika haya lililo kinyume cha Minhaj.

Mahakama ya Kadhi imetajwa katika kifungu cha 170 cha Katiba, nayo husikiliza mambo ya ndoa, talaka, mirathi na hali ya mtu baina ya Waislamu waliokubali kuhukumiwa nayo. Mjane mwenye kwenda huko na achukue cheti cha kifo, vyeti vya kuzaliwa vya watoto wote, cheti cha ndoa, barua ya chifu, na nakala za hati zozote azipatazo. Asisite kwa sababu hati ziko kwa ami. Mahakama yaweza kumwamuru azitoe. Na panapokuwa na mtoto apigwaye, au anyimwaye chakula au shule katika nyumba aliyopelekwa, namba 116 hupigwa bure popote Kenya, na kuna afisi za watoto za serikali. Kuripoti hakuhesabiwi kusengenya, kwani wanavyuoni wametaja kushtaki dhulma katika mambo yaliyoruhusiwa kumsema mtu.

Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 imeitambua kafala ya Kiislamu, yaani kumchukua mtoto kumlea bila ya kumgeuza nasaba. Hili ni jema kwetu, kwani Suratul-Ahzab yaamrisha waitwe kwa majina ya baba zao. Mtoto wa kafala harithi kwa mlezi wake, lakini mlezi aweza kumuusia katika thuluthi.

Binti yatima ana khatari yake ya peke yake. Bibi Aisha alieleza, katika hadithi iliyomo katika Bukhari, juu ya yatima aliyekuwa katika nyumba ya walii wake, naye akapendezwa na mali yake na uzuri wake, akataka kumwoa pasipo kumpa mahari yampasayo, wakakatazwa. Yetu ya leo ni kumuoza binti kwa mtoto wa ami kabla hajajua alichorithi, ili "mali isitoke nyumbani". Kumuoza aliye chini ya miaka 18 ni kosa katika Sheria ya Watoto. Na aliyezidi umri huo, kabla ya posa na aonyeshwe fungu lake.

Yote haya huwahusu pia mzee aliyepotewa na fahamu na mgonjwa wa akili. Mwana hawi mmiliki wa mali ya babake kwa kuwa babake amesahau majina, wala katika mpango ule tulioutaja mwana hamo. Aende kwa kadhi au mahakama iliyo na uwezo, awekwe rasmi, na aweke daftari.

Katika darsa yetu ameuliza mmoja: Mtu aliyekwisha kula mali ya watoto wa nduguye miaka kumi, naye sasa ametubu na kulia mbele ya mama yao, na mama amemsamehe, je, imemtoka?

Jawabu: Haikumtoka. Mama amesamehe kilicho chake, yaani thumuni yake na kodi yake, ikiwa amesamehe kwa hiari na kwa kujua kiasi chake. Ama fungu la watoto, hana uwezo wa kulisamehe, wala kadhi hana. Na wao wenyewe msamaha wao hausihi mpaka wabaleghe na wawe na rushdi. Ni juu yake aandike alichochukua, kwa mwezi na kwa mwaka kadiri anavyokumbuka, na akisitasita kati ya hesabu mbili achukue iliyo kubwa. Kisha akirejeshe kwa walii wa haki atakayewekwa na kadhi. Akiwa hana kitu, na akiri deni kwa maandishi mbele ya mashahidi wawili, alilipe kidogo kidogo. Akifa kabla ya kulimaliza, deni hilo litatolewa katika mali yake kabla ya watoto wake yeye kurithi chochote.